Muhammad bin Musa al-Khwarizmi: Mwanachuoni Aliyekipa Jina Kisichojulikana

Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, miaka kadhaa nyuma nililetewa ugomvi baina ya warithi na dalali. Mzee mmoja alifariki akaacha nyumba, na warithi wakakubaliana iuzwe. Dalali akaiuza kwa shilingi milioni 40, akachukua ujira wake wa asilimia 5 kama walivyoandikiana, akawakabidhi milioni 38. Kijana mmoja wa marehemu alitaka kuhakikisha. Akazichukua zile milioni 38, akatafuta asilimia 5 yake, akapata milioni 1 na laki 9. Akajumlisha, ikaja milioni 39 na laki 9. Laki moja haionekani! Tulipokaa barazani baada ya sala ya Isha, neno khiyana lilikuwa limeshatamkwa juu ya mtu mzima, mbele ya wanawe.

Dalali yule hakuchukua hata senti ya haramu. Kosa lilikuwa katika jambo moja dogo, nitalieleza mbele kidogo. Lakini usiku ule, nikirudi nyumbani, nilimkumbuka mtu aliyeishi Baghdad miaka 1200 iliyopita, ambaye aliandika kitabu kizima ili ugomvi wa namna hii usitokee baina ya Waislamu. Vijana wetu wanalisoma somo lake skuli kila siku na wengi hawajui kama ni la mwenzao. Nimeona niandike kwa ufupi maisha yake na kazi yake, huenda Allah akatunufaisha.

Jina lake na asili yake

Jina lake ni Muhammad bin Musa, na kun-ya yake ni Abu Abdillah au Abu Ja'far kwa mujibu wa mapokezi tofauti. Nisba yake ya al-Khwarizmi inatokana na Khwarazm, nchi iliyo kusini ya Ziwa la Aral, unapomalizikia mto Jayhun ambao leo huitwa Amu Darya. Sehemu za nchi hiyo leo zimo ndani ya Uzbekistan na Turkmenistan. Wanahistoria wanakadiria kuwa alizaliwa karibu na mwaka 164 Hijria, sawa na 780 Miladia. Habari za utoto wake na za masheikh wake hazikutufikia. Wanachuoni wengi wa zama zile wamekuja kwetu hivyo hivyo: kitabu kimebaki, mwenyewe amefichikana nyuma yake.

Wapo waliodai kuwa hakuwa Muislamu bali Majusi, kwa kuwa katika Tarikh ya Imam at-Tabari jina lake limefuatiwa na neno al-Majusi. Watafiti waliochunguza maandishi wameonesha kuwa pale yametajwa majina ya watu wawili, na huenda mwandishi wa nakala aliangusha herufi moja tu, wau, yenye maana ya na, basi wawili wakawa mmoja. Ama kitabu chake mwenyewe kinafunguliwa kwa jina la Allah, kwa kumhimidi na kumsalia Mtume wake. Tazama jinsi herufi moja inavyoweza kumtoa mtu katika dini yake! Katika hesabu za mirathi pia, neno moja likisomwa vibaya linaweza kumtoa mtu katika haki yake.

Baghdad ya zama zake

Baghdad ilijengwa na Khalifa al-Mansur mwaka 145 Hijria (762), na al-Khwarizmi alipofika utu uzima ulikuwa ndio mji mkuu wa elimu duniani. Ni zama za Imamu wetu ash-Shafi'i, aliyefika Baghdad akafundisha, kisha akahamia Misri na kufariki huko mwaka 204 Hijria (820). Ni zama pia za Imam Ahmad bin Hanbal. Yaani wakati maimamu wa fiqhi wakipanga misingi ya kutoa hukumu, mtu huyu katika kizazi hicho hicho alikuwa akipanga misingi ya kutoa hesabu.

Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 198 hadi 218 Hijria (813 hadi 833), alikusanya wataalamu katika Baytul Hikma, Nyumba ya Hekima. Vitabu vya Kiyunani, Kihindi na Kifursi vilisomwa na kufasiriwa kwa Kiarabu, na nyota zikarasidiwa. Ibn an-Nadim, aliyeandika orodha yake mashuhuri ya vitabu katika karne ya 4 Hijria, anamtaja al-Khwarizmi kuwa miongoni mwa watu wa hazina hiyo, na kwamba watu walizitegemea jedwali zake za nyota.

Hatusahau kuwa al-Ma'mun huyo huyo ndiye aliyeanzisha mtihani wa kuwalazimisha wanachuoni waseme Qur'ani imeumbwa, na Imam Ahmad akafungwa na kuteswa kwa sababu ya fitna hiyo. Muislamu mwadilifu huyaweka mambo mahali pake: ubaya wa mtawala ni juu yake, na kazi njema iliyofanywa katika zama zake haigeuki kuwa mbaya.

Kitabu cha al-Jabr wal-Muqabala

Kazi iliyombakisha hai al-Khwarizmi ni kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala, alichokiandika katika utawala wa al-Ma'mun. Katika utangulizi anaeleza kuwa Khalifa ndiye aliyempa moyo akiandike, na kwamba amekusudia yale mepesi na yenye manufaa ambayo watu wanayahitaji katika mirathi yao, wasia zao, kugawana mali, mashauri ya mahakamani, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji.

Rudia kuisoma orodha hiyo, ndugu yangu. Jambo la kwanza ni mirathi, na la pili ni wasia. Mwanafunzi wa leo akiuliza aljebra ina faida gani katika maisha, jawabu imo katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu kilichoipa elimu hiyo jina.

Al-jabr katika lugha ni kuunga kilichovunjika, kama mfupa unavyoungwa. Upande mmoja wa hesabu ukiwa na kitu kilichopunguzwa, unaurudishia ukamilifu wake, na kiasi hicho hicho unakiongeza upande wa pili ili usidhulumike. Al-muqabala ni kukabilisha: unaviweka uso kwa uso vinavyofanana pande mbili, unaondoa kiasi sawa huku na huku, na inabaki tofauti tupu.

Na kile kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu. Pale wanafunzi wetu wanapoandika x, yeye aliandika kitu. Kitabu chote hakina alama wala herufi za hesabu. Hata tarakimu zimeandikwa kwa maneno, kama mtu anayesimulia. Milinganyo aliipanga katika aina 6, na kwa kila aina alifundisha njia ya kuifungua. Zile zenye kipeo cha pili akazithibitisha kwa michoro ya miraba. Mfano wake mashuhuri zaidi ni wa mraba na mizizi yake 10 vilivyo sawa na 39. Chukua nusu ya 10, nayo ni 5. Ipige kwa nafsi yake upate 25, ongeza 39 upate 64. Mzizi wake ni 8, toa 5, unabaki 3. Huo ndio mzizi uliotafutwa.

Mfanyakazi na mshahara wake

Baada ya milinganyo kuna mlango wa muamala, yaani kuuza, kununua na kuajiri. Hapo anafundisha kuwa kila muamala una namba 4 zinazohusiana: kipimo, bei yake, kiasi kinachotakiwa na thamani yake. Tatu zinajulikana na moja haijulikani. Katika mifano yake yumo mfanyakazi anayelipwa dirham 10 kwa mwezi, naye amefanya kazi siku 6 tu. Apewe kiasi gani? Mwezi ni siku 30, siku 6 ni sehemu moja katika 5 za mwezi, basi haki yake ni dirham 2.

Mtu anaweza kuona mfano huu ni wa kitoto. Lakini mwenye mali akimpa mfanyakazi dirham moja na nusu amekula jasho la mtu, na ujira wa mfanyakazi si jambo jepesi mbele ya Mola wetu.

Na hii ndiyo asilimia yenyewe. Watu wa zama zake walizoea zaidi kutaja thuluthi, robo, khumusi na ushuri. Sisi leo tunakigawa kitu mafungu 100. Mwenye kusema asilimia 5 amesema fungu 5 katika 100, kwa hiyo anazo namba mbili kati ya zile 4. Ukimpa ya tatu, ya nne inapatikana. Sharti ni moja: ujue ile 100 ni ipi.

Tulivyolitatua la dalali

Sasa turudi barazani. Kijana alichukua asilimia 5 ya milioni 38. Lakini mkataba ulisema asilimia 5 ya bei ya nyumba. Milioni 38 si bei. Ni bei baada ya kupunguzwa, ni mfupa uliovunjika. Yeye alikuwa anapima kwa kipande akidhani anapima kwa kizima.

Nilimwambia aisahau kidogo ile milioni 40 iliyo kwenye karatasi, ajifanye haijui bei, kisha aipe jina: kitu. Dalali amechukua mafungu 5 katika 100 ya kitu. Kwa hiyo kitu, ukitoa mafungu 5 katika 100 ya hicho kitu, ni sawa na milioni 38. Kilichobaki ni mafungu 95 katika 100 ya kitu. Mafungu 95 ni milioni 38, basi fungu moja ni laki 4, na mafungu 100 ni milioni 40. Akaandika mwenyewe kwa mkono wake: 0.95x = 38,000,000, na x = 40,000,000. Asilimia 5 ya milioni 40 ni milioni 2, ndizo alizochukua dalali. Laki moja iliyopotea haikuwahi kuwapo.

Kijana aliinuka akamshika mkono yule mzee, akamwita ami yangu, akamtaka radhi. Alhamdulillah. Lakini niliondoka na huzuni kidogo, kwani kijana yule alifaulu hesabu skuli. Alijua kufungua mlinganyo alioandikiwa ubaoni. Hakuzoezwa kuugeuza ugomvi wa watu kuwa mlinganyo. Na kazi ile ya kwanza, ya kuyatoa maneno ya watu na kuyaweka katika pande mbili zilizo sawa, ndiyo aliyoifanya al-Khwarizmi kuliko nyingine yoyote.

Masuala yake ya wasia na mirathi

Sehemu kubwa ya kitabu chake, karibu nusu, ni masuala ya wasia na mirathi. Mafungu yenyewe yamekadiriwa na Allah katika Suratun Nisaa, na hakuna mwanahesabu mwenye ruhusa ya kuyagusa. Ugumu huja pale mafungu yanapokutana na wasia, deni na mahari. Tutaje suala moja tu.

Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume. Ameusia thuluthi ya mali yake kwa mtu asiyekuwa mrithi. Alichoacha ni dirham 10 taslimu, na dirham 10 nyingine anazomdai mmoja wa wanawe hao. Mgawaji anasimama njia panda. Yule mwana ni mrithi na ni mdaiwa kwa wakati mmoja, na fungu lake litakatwa katika deni lake. Lakini hatujui fungu lake mpaka tujue mali yote ni kiasi gani, na hatujui mali yote mpaka tujue ni kiasi gani cha deni kinaingia katika hesabu. Kila kimoja kinamngojea mwenzake.

Al-Khwarizmi anaingia kwa mlango wake uleule. Kile kinachoingia kutoka katika deni, ambacho ndicho fungu la mwana mdaiwa, anakiita kitu. Basi mali ni dirham 10 na kitu. Thuluthi ya mwenye wasia ni dirham 3 na thuluthi, pamoja na thuluthi ya kitu. Kinachobaki ni dirham 6 na thuluthi mbili, pamoja na thuluthi mbili za kitu. Gawa kwa wana wawili: kila mmoja ana dirham 3 na thuluthi, pamoja na thuluthi ya kitu. Lakini tumeshasema fungu la mwana mdaiwa ni kitu kizima. Basi kitu ni sawa na dirham 3 na thuluthi, pamoja na thuluthi ya kitu. Ondoa thuluthi ya kitu pande zote mbili, zinabaki thuluthi mbili za kitu kuwa sawa na dirham 3 na thuluthi. Kwa hiyo kitu ni dirham 5.

Angalia sasa. Mali iliyohesabiwa ni dirham 15. Mwenye wasia ana 5, ambayo ni thuluthi kamili. Kila mwana ana 5. Zile dirham 10 taslimu zinagawanywa baina ya mwenye wasia na mwana asiyedaiwa, na mwana mdaiwa fungu lake limo katika deni lake. Hakuna aliyepunjwa hata nusu dirham. Ama hukumu ya sehemu ya deni iliyobaki, huo ni mlango wa mafaqihi na si makusudio yetu hapa. Mwanahesabu anamsaidia faqihi, hakai katika kiti chake.

Kazi zake nyingine

Aliandika kitabu juu ya hesabu kwa tarakimu za Kihindi, zile tarakimu 9 pamoja na sifuri tunazotumia leo. Asili yake ya Kiarabu imepotea na imebaki tafsiri ya Kilatini. Aliandika jedwali za nyota, kitabu cha sura ya ardhi chenye urefu na upana wa miji, milima na mito, na risala juu ya kalenda ya Mayahudi.

Katika karne ya 12 Miladia vitabu vyake vilivuka kwenda Ulaya kupitia Hispania. Robert wa Chester alifasiri kitabu cha al-jabr kwa Kilatini mwaka 1145 katika mji wa Segovia, kisha Gerard wa Cremona akakifasiri tena kule Toledo. Wafasiri wa Kilatini waliliandika jina lake Algoritmi, na kutokana na jina hilo likatoka neno algoriti, ambalo leo hutajwa kila panapotajwa kompyuta. Na kutokana na al-jabr likatoka neno aljebra. Wazungu wenyewe wamehifadhi majina haya, na sisi tunayatamka bila kujua tunamtaja nani.

Mwisho wa maisha yake

Alifariki karibu na mwaka 236 Hijria (850). Habari yake miongoni mwa za mwisho ni hiyo iliyomo katika Tarikh ya at-Tabari. Khalifa al-Wathiq alipougua mwaka 232 Hijria (847), waliitwa watazamaji wa nyota, na jina la al-Khwarizmi limo katika orodha yao. Imesimuliwa kuwa walitazama wakamwambia ana miaka 50 mingine ya kuishi. Al-Wathiq hakuishi baada ya hapo ila siku 10.

Sitii neno juu ya alichosema au asichosema al-Khwarizmi katika majlisi ile, na Allah ndiye mjuzi. Lakini habari hii ina funzo. Kuna kisichojulikana ambacho Allah ametupa njia ya kukifikia kutokana na tunavyovijua, kama fungu la mrithi na ujira wa mfanyakazi. Na kuna ghaibu ambayo ameiweka kwake peke yake, kama ajali ya mtu. Aliyeijua mipaka baina ya viwili hivyo ameokoka. Utabiri wa nyota uliporomoka kwa siku 10, na hesabu ya wasia inasimama mpaka leo.

Tunachokichukua

Maalim wa madrasa, unapofundisha faraidhi usitosheke na kuhifadhisha mafungu. Mpe mwanafunzi suala lenye deni na wasia ndani yake, umfundishe kusema: nikiite kitu. Mwalimu wa skuli, unapofundisha asilimia mletee mwanafunzi dalali, mfanyakazi na mjane, umuulize kabla ya kila hesabu: asilimia ya nini? Na wewe mzazi unayesema hesabu ni elimu ya dunia tu na mtoto atosheke na chuo, kumbuka kuwa mirathi ni katika dini, na haigawiki bila ya hesabu.

Na sote tujizuie kumtuhumu mtu kabla ya kuandika hesabu yake kwa pande zake mbili. Laki moja ya barazani ilikuwa ndoto, lakini heshima ya mzee yule ilikuwa kweli.

Tunamuomba Allah amrehemu Muhammad bin Musa al-Khwarizmi na wanachuoni wote walioitumikia elimu, atujaalie kuwapa wenye haki haki zao, na atukinge na dhulma ya makusudi na dhulma ya ujinga. Wallahu a'lam.